Nilivyokisoma Chombo cha Mabibi

Mistari niliyoiandika ilikuwa saba, kwa kalamu ya bluu, na niliiandika nikiwa nimesimama kwa sababu furaha ilinizidi hata nikasahau kuvuta kiti. Nasema hivi mapema ili asije mtu akadhani nilikuwa na ubaya. Sikuwa na ubaya. Nilikuwa na kiherehere, na kiherehere changu kimeumiza watu kuliko ubaya wa wengi ninaowajua.

Nina duka la steshenari Masasi mjini. Nauza madaftari, kalamu na gundi, na nina mashine ya fotokopi inayonuna kila mvua ikinyesha. Zamani nilikuwa nanunua pia magazeti ya zamani kwa mafungu, nawauzia akina mama wa vibandani wafungie maandazi na karanga. Humo ndimo nilimokutana na katuni. Zilikuja zimechanganyika na matangazo ya minada na habari za mpira, nyingine hazina jalada, nyingine zimekatika pale hasa shujaa anapofungua mlango. Nilizichambua na kuziweka pembeni, na nilizozipenda kuliko zote ni zile za angani: watu wanaohamia sayari nyingine, mashine zinazofikiri, miaka ambayo bado haijafika. Mwanamke mzima, mama wa watoto watatu, nimekaa nyuma ya kaunta nasoma habari za roketi. Wateja walinicheka, nami niliwaambia wasubiri nimalize ukurasa.

Kusoma peke yangu sikuwahi kukuweza. Nikiona kitu kizuri mdomo unaniwasha mpaka nimwambie mtu. Ndivyo tulivyopatikana watano, mmoja mmoja, kila mmoja akinikuta nasoma na kuniuliza ni nini hicho. Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu wa Lupaso. Wa pili kijana wa bodaboda wa Chiungutwa, ambaye ndiye alikuwa miguu yetu, maana alipanda na kushuka njia ya Newala karibu kila siku. Wa tatu muuguzi aliyekuwa akifanya kazi Newala mjini. Wa nne fundi cherehani wa Mnyambe, mwanamke wa rika langu, na ndiye mwenye kisa hiki.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Katuni iliwekwa kwenye bahasha ya plastiki yenye zipu pamoja na kaunta buku moja. Ukiisoma, unatia neno kwenye daftari, unaukunja ukurasa wako na kuubana kwa pini, kisha unampa dereva ampelekee mwingine. Kufungua ukurasa wa mwenzako kabla hujaandika wako ilikuwa mwiko. Bahasha ikimaliza mzunguko ndipo inarudi kwangu, nabandua pini zote, na daftari linazunguka tena ili kila mtu asome ya wenzake. Tulikuwa na simu, ndiyo, na tungeweza kutumiana sauti, lakini mwalimu alisema neno la kuandikwa humfanya mtu afikiri kwanza. Kwangu mimi hilo halikuwa kweli.

Maneno yenyewe yalikuwa burudani kuliko katuni. Mwalimu hakumsamehe mchoraji yeyote aliyemfanya mtu atembee mwezini kama anakwenda sokoni. Muuguzi alikasirika kila alipoona jeraha la picha hii limepona kwenye picha inayofuata. Dereva aliuliza jambo lile lile kwa kila chombo: kinatumia mafuta gani, na kikiishiwa huko juu nani anawaletea? Mimi ndiye nilieleza maana. Nilisema hapa mchoraji anazungumzia njaa, pale anazungumzia serikali, huyu roboti ni mtoto wa kambo. Wenzangu walizoea hata wakawa wananingoja. Mwalimu, msomi kuliko sisi sote, aliwahi kuandika, "Nasubiri dada wa Masasi atufunulie." Nilijisikia vizuri sana siku ile. Mpaka leo najua ukurasa ulipo.

Fundi wa Mnyambe yeye aliandika kidogo. Mstari mmoja, miwili. Kisha siku moja badala ya neno alituletea picha zake mwenyewe, zimechorwa kwa penseli kwenye karatasi za kaki anazokatia mitindo ya nguo. Aliniomba nizitolee fotokopi, nikazitoa. Hadithi yake aliiita Chombo cha Mabibi. Ni miaka mingi ijayo, na uwanda wetu wa Makonde hauna tena tone la maji, hata mabondeni. Kila mwaka kunashuka chombo kutoka angani kinachoendeshwa na wanawake wazee, kinawachukua wasichana, kinapaa nao. Msichana mmoja anaogopa kupanda. Sehemu ya kwanza iliishia mlangoni mwa chombo, na mama yake amesimama chini vumbini akitazama juu.

Niseme ukweli wote kwa kuwa nimeamua kusema. Picha zake zilikuwa na kasoro. Mikono hakuiweza kabisa. Vidole vilitoka vinene vyote sawa, mithili ya mihogo iliyofungwa fungu. Nahodha wa chombo alihutubia mno. Niliyaona hayo tangu siku ya kwanza na sikuyaandika, kwa sababu niliogopa ataacha. Niliandika sifa tu. Sehemu ya pili ikaja, na ya tatu, nasi tukazisoma kama tulivyosoma nyingine. Dereva aliuliza habari za mafuta.

Fundi huyu alikuwa na binti wa darasa la sita, na binti alikuwa achezwe unyago likizo ya Desemba pamoja na wasichana wenzake wa kijiji. Mama mkubwa wa fundi, dada wa mama yake aliyemlea, ndiye aliyekuwa kungwi mkuu pale, na waliishi nyumba moja. Mwezi wa nane fundi alinipigia simu kuniuliza bei ya penseli za rangi, tukaangukia kwenye habari za watoto, akaniambia binti yake halali. Wasichana wakubwa wamemtisha. Kila siku anauliza huko ndani kuna nini.

"Na wewe unamwambia nini?"

"Nimwambie nini, dada? Nacheka tu."

Kwa asiyejua: mama hamwambii. Yaliyo ndani husemwa ndani, na makungwi, kwa wakati wake. Mtoto akiingia anayajua tayari, amevunjiwa, na aliyemvunjia ana kesi. Mimi mwenyewe baba yangu ni Myao wa hapa Masasi lakini mama yangu alitoka juu uwandani, na huko kwa bibi ndiko nilikochezewa. Kwa hiyo nilimwelewa, nikamwambia ampe pole mtoto, nikarudi kwenye fotokopi zangu.

Sehemu ya nne ilifika Oktoba, wakati wa korosho, mji umejaa watu na pikipiki. Nilizitandaza karatasi juu ya kaunta. Mule sasa tuko ndani ya chombo. Nikafika kwenye picha moja kubwa iliyochukua ukurasa mzima, nikaitazama. Nilikuwa nimeshaiona. Si kwenye katuni. Niliiona nikiwa na miaka kumi na miwili, kwa macho yangu, na sikuwahi kumwambia mtu, wala mume wangu hajui.

Sitasema ilikuwa picha ya nini. Mwenye hadithi nilimwomba ruhusa ya kuandika haya, akanijibu kwa ujumbe, "Andika tu, dada, wewe ndiye unayejua maneno." Binti yake sasa yuko sekondari ya bweni na hakuna wa kumrudisha nyuma. Hata hivyo picha ile sitaieleza. Hapo angalau nimejifunza kitu.

Siku ile sikuwa nimejifunza. Kila kitu kilifunguka kwa mpigo: chombo ni nini, mabibi ni akina nani, kwa nini mama amebaki vumbini na mdomo umefungwa. Mwenzangu alikuwa amekatazwa kumwambia binti yake, basi akamchorea. Hakusema hata neno moja la ndani, ila mtoto akisoma anajua jambo moja tu analolihitaji, kwamba wanaopanda wanashuka. Nililia pale dukani. Nikachukua kalamu nikaandika mistari saba. Nilimwandikia kwamba nimemjua, kwamba hii si hadithi ya angani hata kidogo. Nikaanza kulinganisha: hiki ndicho kile, hawa ndio wale, na picha kubwa ndiyo siku fulani. Nikataja. Nikamaliza kwa kumwambia kwamba tangu nizaliwe sijasoma kitu kama hiki na kwamba binti yake ana bahati.

Kisha nikafanya kosa juu ya kosa. Zamu ilikuwa ya mwalimu wa Lupaso. Ila sikuweza kungoja mzunguko mzima ndipo mwenzangu ajue kwamba kuna mtu amemwelewa. Nilimpa dereva bahasha nikamwambia ipande moja kwa moja Mnyambe. Akaniuliza, "Leo hatufuati zamu?" Nikamwambia asiwe na maswali mengi. Wala sikuubana ukurasa kwa pini.

Dereva alifika mchana. Fundi alikuwa amekwenda gulioni kupeleka sare za shule. Bahasha ikapokelewa na mama mkubwa.

Mama mkubwa alijifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, na alisoma kama walivyofundishwa: kidole chini ya mstari na sauti juu. Alisoma kila kitu namna hiyo, hata maandishi ya mfuko wa chumvi. Alikuwa amekaa barazani na makungwi wenzake wawili wakimenya mihogo ya kuanika makopa. Akafungua daftari akasoma mistari yangu yote saba kwa sauti, na alipotambua anasoma nini alikuwa keshafika mwisho.

Nilipigiwa simu jioni. Mwenzangu hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema, "Dada, umeandika nini?" Kisha akanieleza hukumu. Makungwi wamesema binti ameshavunjiwa, na mama yake, kwa picha. Hataingia Desemba na wenzake. Atakaa nje mwaka huu, na mwakani wataona. Wasichana tisa wa rika lake wataingia na kutoka wakiwa wakubwa, yeye atabaki mtoto peke yake darasani, na kila mtu atajua kwa nini. Mtoto ameshaambiwa. Yuko chini ya kitanda, hataki kutoka.

Sikulala. Asubuhi nilifunga duka, nikapanda nyuma ya pikipiki ya yule yule dereva. Yeye hakuwa ameusoma ukurasa wangu. Aliushika mwiko wetu hata siku ile mimi nilipouvunja. Tulipoanza kuupanda mlima aliniambia tu nishike vizuri.

Mama mkubwa hakunipeleka barazani. Alinipokea mlangoni, nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe wa duka la makaratasi?"

"Ndiye mimi."

"Una mwandiko nzuri. Unasomeka." Akaniambia nimfuate uani, jikoni, ambako hakukuwa na mtu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye chale za zamani mashavuni, na hakunitazama usoni hata mara moja wakati anasema.

"Picha zile nimeziona tangu za kwanza," alisema. "Anachorea barazani kwangu, unadhani mimi kipofu? Nikaona, nikanyamaza. Nikaona ntoto wake anasoma, na usiku analala. Nikasema basi, vizuri. Halijasemwa neno. Sasa wewe umekuja na kalamu. Wewe umesema."

Nikaanza kuomba radhi. Akanikatisha.

"Radhi sina kazi nayo. Kule mbele wako wenzangu wawili, walinisikia. Mimi siwezi kusema sikusoma. Yeye hawezi kusema hakuchora. Umebaki wewe." Akakokota ukuni mmoja, akausogeza motoni. "Ntu anaweza kusoma vibaya. Hata mie nasoma vibaya mara nyingine."

Akatangulia barazani.

Siku hizo nisingethubutu kuyaandika maneno haya ya jikoni. Sasa mama mkubwa ametutoka, Mungu amrehemu, na nadhani hatagomba.

Barazani palikuwa na wale makungwi wawili juu ya mkeka, na mwenzangu amekaa sakafuni kando ya cherehani yake, magoti pamoja. Karatasi za sehemu ya nne zilikuwa zimetandazwa katikati. Nilisalimia, nikapewa kigoda. Mmoja wao, mrefu, mwenye sauti kavu, akaniuliza nilijuaje yale niliyoandika.

Nikasema sikujua, nilidhani tu. Nimezoea kusoma sana, nikisoma naona vitu ambavyo havipo. Nikasema hizi ni katuni za angani, vyombo na sayari, watu wanachora hivyo dunia nzima, hazihusiani na mambo ya huku.

"Umemsifia mistari saba," akasema. "Unasema umelia. Ntu analilia kitu kisicho na maana?"

Nikasema nilimsifia kwa sababu ni rafiki yangu na nilitaka kumpa moyo.

"Kwa hiyo picha hizi hazina kitu?"

"Hazina kitu, mama."

"Tuoneshe."

Hapo nilimtazama mwenzangu, naye akaniinamishia kichwa kidogo, kama anayesema endelea. Nitakula kiapo kwamba aliinamisha kichwa. Nikashuka kwenye kigoda, nikapiga magoti mbele ya karatasi, nikaanza kuonesha. Nikasema tazameni mikono hii. Mwanadamu gani ana mikono hii? Huyu anashika usukani au anakanda unga? Yule kungwi wa pili akacheka. Kicheko kile kikanipa nguvu. Nikasema nahodha anaongea kurasa nne mfululizo utadhani diwani wakati wa kampeni. Nikasema chombo kinabadilika umbo kila picha, hapa kina madirisha matatu, hapa matano. Nikasema msichana anaogopa kwenye sehemu ya kwanza, anaogopa kwenye ya pili, anaogopa kwenye ya tatu, mpaka msomaji unatamani umsukume apande tumalize. Wote watatu wakacheka sasa, hata mama mkubwa. Nikaionesha ile picha kubwa nikasema hii hata yeye mwenyewe aliyechora hajui ni nini, amejaza tu karatasi.

Mimi nikianza huwa sisimami. Na, Mungu anisamehe, palifika mahali katikati ya maneno yale nikawa nayafurahia. Yalikuwa yamekaa ndani yangu muda mrefu, yalitoka yamepangika, na watu walikuwa wananisikiliza.

Mwenzangu alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe, mapajani.

Yule mrefu alijifuta machozi ya kicheko akasema, basi, kama ni upuuzi ni upuuzi. Picha isiyo na maana haiwezi kumvunjia mtoto kitu. Mama mkubwa akasema binti ataingia na wenzake. Akaniletea daftari na wembe, nikaukata ukurasa wangu, akaupeleka jikoni kwenye moto mwenyewe. Nilikuwa naanza kuvuta pumzi ndipo yule mrefu akasema, "Aandike tena. Haya aliyosema sasa. Daftari linakwenda kwa watu, si linakwenda? Wakisikia lile la kwanza, walikute hili."

Nikaandika palepale, wao wananiangalia. "Sehemu hii ni ya kitoto. Mikono mibovu, maneno mengi, haina maana yoyote." Mama mkubwa akasoma kwa kidole na kwa sauti. Kisha nikaukunja ukurasa na kuubana kwa pini.

Nilipokuwa natoka, mwenzangu alinisindikiza hadi barabarani. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Asante, dada. Umemwokoa mwanangu." Nikamwambia anajua kwamba sikumaanisha. Akasema anajua. Nilishuka Masasi nimechoka lakini moyo mweupe. Nilidhani yameisha.

Bahasha ikaenda zamu yake, Lupaso, Chiungutwa, Newala, ikarudi kwangu mwezi wa kumi na moja. Ningeweza kuizuia, lakini kungwi alisema liende, na nilihofia kuchezea tena. Nikakaa kwenye kiti safari hii. Nikabandua pini. Wote walikuwa wametia neno bila kuona langu, kama mwiko unavyotaka, na yote matatu yalikuwa mema. Mwalimu aliandika kwamba kwa mara ya kwanza hakujali habari ya uzito angani. Dereva aliandika kwamba picha kubwa ilimkumbusha kitu asichokijua, akaitazama mpaka abiria akamgombeza. Muuguzi aliandika kwamba alimwonesha mama yake, na mama yake akakaa kimya.

Halafu daftari likaenda mzunguko wa pili, wa kusoma ya wenzako. Hapo mtu ana ruhusa ya kuongeza chini. Lilivyorudi, mwalimu alikuwa ameongeza, "Baada ya kusoma ya dada wa Masasi nimeitazama tena. Ni kweli, nilichukuliwa na hisia." Dereva alikuwa ameandika, "Kumbe." Muuguzi aliandika, "Mikono hata mimi niliiona, niliogopa kusema." Yeye alikuwa wa mwisho kabla ya Mnyambe. Daftari lilikuwa limepita kwa mwenye hadithi, na chini ya hayo yote alikuwa ameandika kwa penseli, herufi ndogo, "Nawashukuru wasomaji wangu."

Nilitaka kuwapigia simu wote watatu niwaeleze. Ningewaelezaje? Ningesema nilidanganya, wangeuliza kwa nini, na jibu la swali hilo ndilo nililolikata kwa wembe. Nilikaa na simu mkononi, nikairudisha mezani.

Desemba nilialikwa kwenye siku ya kutoka. Wasichana kumi walitoka na kanga mpya zinazofanana, nyuso zimepakwa mafuta, macho chini, na yule binti alikuwa wa tatu kwenye mstari. Alipopita karibu nasi aliinua macho kidogo kumtafuta mama yake, akamwona, akayashusha. Vigelegele vikalipuka. Mwenzangu alikuwa kwenye mkeka wa mama wa wali, wasichana waliochezwa, mahali pake, amevaa gauni alilolishona mwenyewe, na analia kama wengine. Nikasema moyoni, ilistahili.

Wakati wa chakula alikuja akakaa karibu yangu na sahani yake. Aliniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, kwa heshima, kama hatujawahi kuitana dada.

"Yale ya mikono," akasema, "yalikujia pale pale barazani, au ulikuwa nayo?"

Ngoma zilikuwa zinapigwa, ningeweza kujifanya sijasikia.

"Pale pale," nikasema. "Nilitunga."

Alinitazama. Miaka yote ile mimi ndiye niliyekuwa nafunua maana za watu, na sasa nilikuwa nimekaa mbele ya mtu anayenisoma taratibu, mstari kwa mstari, bila haraka yoyote.

"Mtu anayetunga husita," akasema. "Hukusita." Akanikaribisha kuku, akainuka kwenda kuwahudumia wageni wengine.

Hajachora tena. Sehemu ya tano, ambayo msichana angeshuka na kumkuta mama yake, haipo. Karatasi za kaki anakatia magauni tu. Nimeshamwambia kwamba ile sehemu ya nne ndiyo kitu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kusoma. Nimemwambia mara tatu, na mara ya mwisho nilimpandia hadi Mnyambe nimwambie ana kwa ana. Kila mara ananijibu asante, kwa adabu kabisa, kisha ananiuliza habari za watoto.